Kimya Changu Kwenye Makala Yako

Mwanangu Fidelis,

Dawa haikuniponya. Naanguka hadi leo. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na wewe ndiye wa kwanza kujua, ingawa ulipaswa kujua kabla hujaandika kwamba nimepona.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua. Nikikatizwa kidogo nanyamaza, na nikinyamaza watu wanaendelea na yao. Kwa hiyo soma hadi mwisho, ukasirike baadaye. Mie nimeshakasirika tayari, na hasira yangu haina pa kwenda ila kwenye karatasi hii.

Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Nje wanafunga turubai la sherehe ya kukuaga. Babu yako anawapanga vijana wa viti kama anapanga wanafunzi mstarini. Kustaafu hakujamtoa ualimu. Bibi yako ameshaniita nikamenye vitunguu. Nimesema naja.

Najua inachekesha, msichana aliyemaliza kidato cha sita juzijuzi kumwita "mwanangu" mtu mwenye shahada ya uzamivu. Lakini si mimi niliyepanga. Baba alimzaa dada Tasiana kwa mke wake wa kwanza, dada Tasiana akakuzaa wewe. Mke wa kwanza akafariki, baba akakaa peke yake muda mrefu, akamwoa mama, nikazaliwa mie wakati wewe unaanza kuota ndevu. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, basi. Wewe mwenyewe ndiye uliyelifanya jambo hilo kuwa mchezo. Ulikuwa ukija na wenzako wa chuo, unasimama mlangoni na kupaza sauti, "Shikamoo Mamdogo!" Wenzako wanavunjika mbavu, mimi najificha nyuma ya mlango wa jikoni na kuujibu ukuta, "Marahaba." Leo nakitumia cheo hicho kwa mara ya kwanza. Mlinipa wenyewe.

Habari za koti zito na jinsi ya kupika ugali ughaibuni sitakuambia. Dada Tasiana amekujazia dagaa hadi sanduku linakataa kufunga, inatosha.

Nataka nikukumbushe siku niliyoanguka mara ya kwanza. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tulikuwa tunateremka ule mteremko wa Goba, kabla haujamwagiwa lami, wewe ukiwa likizo. Mimi sikumbuki kuanguka, nakumbuka kuamka tu. Kichwa changu kilikuwa juu ya shati lako, wewe uko kifua wazi, unamfokea mama mmoja aliyetaka kunitia kijiko mdomoni na mwingine aliyekuwa anasugua kitunguu nikinuse. "Tokeni! Mwacheni apumue!" Watu wakarudi nyuma. Wengine walirudi nyuma kwa sababu ya ukali wako, wengine kwa sababu ya povu langu. Wewe hukurudi nyuma. Ukanifuta kwa mkono wako mtupu, ukanibeba mgongoni hadi nyumbani.

Nyumbani kwetu neno kifafa halikuwa linatamkwa. Tulisema "kuanguka", au tulisema "ile hali". Baba alisema mwezi ukiandama ndio unanisumbua. Wewe ndiye uliyelitamka mezani, kifafa, wazi kabisa, na mama akaacha kijiko. Ukasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine na utausoma mpaka uujue. Nilikupenda siku ile kuliko mtu yeyote. Nakuambia hili ili ujue hasira hii imetoka wapi. Mtu nisiyempenda ningemwacha apande ndege yake.

Ukausoma kweli. Ukatueleza kwamba seli za ubongo zina milango midogo sana ya kupitishia chumvi, na kwamba katika ukoo wetu mlango mmoja hauzibi vizuri, ndiyo maana babu mkubwa alianguka motoni kule kusini, ndiyo maana mimi. Wewe na wenzako mkachukua damu ya ukoo mzima. Ukagundua kwamba dawa moja ya zamani, iliyokuwa ikitolewa kwa ugonjwa mwingine, inaufunga mlango ule kwenye seli za maabara. Daktari wa kliniki akakubali tuijaribu. Baba akatia sahihi kwa niaba yangu. Mimi nikaambiwa, "Anja, kuanzia leo unakunywa hizi."

Sasa sikiliza jinsi ulivyokuwa ukifanya utafiti wako, maana nadhani umesahau.

Ulikuwa ukija Jumapili, baada ya misa, wakati wa chakula. Meza imejaa. Baba yupo, mama yupo, mjomba wako Oswald yupo na mkewe, mara nyingine na wageni kutoka jumuiya. Unanawa, unakaa, unatoa simu.

"Mamdogo, mwezi huu kuna lolote?"

Kabla sijameza tonge, baba anadakia. "Lolote lipi? Mtoto mzima kama chuma. Andika hakuna."

"Andika na kwamba anakula sana," anasema kaka Oswald.

"Hiyo ni data muhimu, mjomba," unasema wewe, na mnacheka wote, na unaandika.

Mara ya kwanza ulipouliza hivyo nilikuwa nimeamka alfajiri na ulimi umechanika. Kwangu huja alfajiri, usingizini, hakuna anayeona. Najua tu kwa sababu mwili unauma kama nimepigwa, ulimi una kidonda na shuka limelowa. Nilikuwa nimeshalifua na kulianika kabla mama hajatoka nje. Mchana ukawa unauliza "kuna lolote" wakati pilipili ya kachumbari inakiunguza kidonda kile, machozi yananitoka. Kaka Oswald akasema, "Mcheki, pilipili imemzidi nguvu!" Wewe ukanisogezea maji. Ukaona machozi, Fide. Mtaalamu wa ubongo. Ukanisogezea maji.

Ungetaka nimkatalie baba mbele ya wageni na chakula kiko mezani? Wewe umelelewa kwenye meza hiyohiyo. Unajua kabisa kwamba baba akishajibu, limejibiwa. Nilingoja uniite pembeni. Nilijipa kazi ya kukusindikiza getini kila Jumapili kwa sababu hiyo tu, ili uniulize tena tukiwa wawili. Ukawa unaniuliza habari za shule. Kimya changu ukakiandika kuwa hakuna.

Kwenye makala umeandika kwamba wagonjwa walifuatiliwa kwa "mahojiano ya kila mwezi". Mahojiano! Nimelitafuta neno lile kwenye kamusi ili nisikuonee. Maana yake ni watu wawili wanaongea.

Baadaye nilianza kujibu mwenyewe. Hilo ni langu na sikusukumii. Ilikuwa kipindi kile makala zako zilikuwa zikirudishwa, jarida hili linakataa, lile halijibu. Ulikaa kwenye ngazi za nyuma, ukaniambia, "Mamdogo, wamenikataa tena. Wanasema wagonjwa wangu ni wachache, lazima matokeo yawe safi sana." Ulikuwa umekonda. Mwezi uliofuata ulipouliza mezani nikamtangulia baba. Nikasema, "Hakuna." Ukashangaa kusikia sauti yangu, ukatabasamu, na mimi nikaona raha. Nilijiona mama. Nilidhani mama ni mtu wa kumwondolea mwanawe mabaya njiani, hata kama mabaya yenyewe ni ya kweli. Nilikosea hapo, na nilikosea kila mwezi baada ya hapo, nikiwa na ulimi unaouma na sura ya mtoto mwema.

Makala ikatoka. Ulichinja mbuzi. Halafu yakaanza mambo ya kunukuliwa. Ulikuwa ukija asubuhi, hata kabla ya chai unafungua simu. "Leo Brazili, Mamdogo. Jana Korea." Kila mtafiti aliyeandika kwamba amesoma kazi yako na anaitegemea, namba yako ilipanda. Kaka Oswald akauliza, "Kwani kila wakikutaja wanakulipa?"

"Hawalipi, mjomba."

"Wanakutaja bure tu? Na wewe unafurahi?"

"Ndiyo heshima yenyewe hiyo."

"Mie nikitajwa bure huwa ni kesi."

Tulicheka, na mimi nilicheka. Sikufichi: nilikuwa najifungia chooni na simu ya mama, natafuta jina lako, naiangalia namba ile. Ikipanda, moyo wangu unapanda. Kisha alfajiri moja naanguka, naamka, nafua shuka, na najiuliza wale watu wa Korea wamenukuu nini hasa.

Baba aliichapisha makala, akaitia fremu, akaitundika sebuleni karibu na picha ya ndoa. Hakuna aliyeisoma, ni Kiingereza kigumu. Nilipomaliza mitihani nikaishusha nikiwa peke yangu nyumbani, nikaisoma yote, mstari kwa mstari. Ukurasa wa nne nikajikuta. "Mgonjwa wa tatu." Msichana. Amefuatiliwa kikamilifu, hajapata kifafa tena tangu aanze dawa. Uwezo wa darasani: wa wastani.

Wa wastani! Nilikuwa wa pili darasani, Fidelis, na wa kwanza alikuwa anarudia mwaka. Uliniuliza lini?

Halafu kwenye dalili nyingine umeandika "ukimya uliokithiri". Nilikaa na sentensi hiyo mpaka mama akarudi kutoka sokoni. Ukimya wangu si dalili. Mimi nimenyamaza kwa sababu nyie mnaongea sana. Kuna tofauti kati ya mtu asiyeweza kusema na mtu asiyepewa nafasi, na mwanasayansi anayekula naye meza moja angeweza kuiona bila darubini.

Hata hivyo ningenyamaza. Nakuambia ukweli, ningekuacha uondoke na fremu ingebaki ukutani. Lakini wiki iliyopita alikuja Mama Shabani.

Humjui. Anauza nyanya soko la Mabibo. Baba alikutana na jamaa wa mama huyo msibani, na baba akipata msikilizaji unamjua, akamweleza habari za mjukuu wake na dawa na binti aliyepona. Mama Shabani akaja hadi Goba na mwanawe mgongoni, mtoto mkubwa ambaye hakupaswa kubebwa, ana kovu la moto mkononi. Baba akamkalisha chini ya ile fremu. Mimi nikaleta chai.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye," akasema baba. "Mtazame."

Mama Shabani akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa bado na unyevu wa sokoni. "Wewe ndiye uliyepona, mwanangu? Kabisa kabisa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo tu. Akaanza kulia, akamwambia mtoto, "Unamwona dada? Na wewe utakuwa hivi hivi." Akasema dawa za hospitali ameshazipunguza kwa sababu zinamlaza mtoto, na sasa ataziacha ampe hii ya Daktari Fidelis, kuna mtu wa duka la dawa ameahidi kumtafutia. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama askofu.

Nilimfuata hadi getini, nikamfuata barabarani, nikamkamata kwenye kona ya saluni. Nikamwambia, "Mama, usiache dawa za hospitali. Nakuomba. Mrudishe kliniki kwanza." Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Mimi na yeye hatufanani." Akanitazama kwa mashaka, kama ninamnyima kitu. Akaenda zake. Sijui alifanya nini. Nimelala na hilo kila siku tangu hapo. Najua kwamba kitendo changu cha kuitikia kwa kichwa kilikuwa na nguvu kuliko maneno yangu ya barabarani, kwa sababu kilikuwa na makala yako nyuma yake.

Siku ya pili yake nilikuja barazani kwako. Utakumbuka. Nilisema, "Fide, kuna kitu kuhusu ile makala."

Ulikuwa unaandika kwenye simu. "Mamdogo naye! Unataka jina lako liwe la kwanza au la pili?"

"Sitanii."

"Mie pia sitanii. Bila ile makala mie ni nani? Nyingine zote zimesomwa na mimi na mama yangu, na mama aliishia kwenye kichwa cha habari." Ukacheka, halafu ukaacha kucheka. Ukasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Ile ndiyo iliyonipa kazi. Waliihesabu, wakaona nimenukuliwa wapi na wapi, wakaniita. Sina kitu kingine." Kisha simu ikalia, ukaingia ndani.

Nilisimama pale barazani nikitetemeka. Si ugonjwa, hasira. Kwa sababu nilielewa kwamba ulikuwa unaogopa, na kwamba mtu anayeogopa hivyo hatauliza swali lisilo na jibu zuri. Ndiyo maana uliniuliza mezani. Sidhani kama ulijua. Lakini ulichagua mahali ambapo jibu lingekuwa moja tu.

Sasa ngoja nikuambie kama mama yako, maana kesho utakuwa mbali na utakuwa na wagonjwa wapya, na nasikia mtaanza kuijaribu dawa hii kwa watoto wengi. Watakuwepo wasichana wa kwao huko ambao nao wana baba wa kuwajibia. Mtoe baba nje. Zima simu. Uliza, halafu kaa kimya mpaka kimya kikuumize wewe. Ukiona machozi usisogeze maji, uliza tena. Na kabla hujaandika jambo kuhusu mtu aliye hai, msomee, kwa lugha yake, umwone anavyoitikia.

Na kabla ya yote hayo andika kwa lile jarida. Waambie mgonjwa wa tatu hakupona, kwamba alikuwa akianguka usingizini na mtafiti hakujua. Labda dawa inawasaidia wengine, labda mlango wangu una tatizo jingine, hayo utayajua wewe. Lakini mimi nitoke kwenye waliopona. Waandike na wale wa Brazili na Korea ili wanukuu na hilo pia. Namba itashuka au haitashuka, sijui zinavyokwenda. Kazi inaweza kupotea. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi kuliko unavyodhani, na kila nikilifikiria naona mkono wa yule mtoto wa Mabibo.

Usije kunibembeleza. Usije na "Mamdogo bwana". Usinieleze kwamba sayansi ina hatua zake. Nakupa barua hii leo mchana, mkononi, kabla ya shughuli, na si kesho uwanja wa ndege. Ningekupa kesho ungekuwa na ndege ya kukimbilia. Leo una muda wa kuisoma na kuja kunitafuta. Nitakuwa kwenye vitunguu. Ukija, uje peke yako.

Jumatatu nakwenda kliniki. Nitakwenda mwenyewe, nitaingia kwa daktari mwenyewe, na nitamwambia kila kitu, tangu shuka la kwanza. Nimeshafanya mazoezi ya kulisema kwenye kioo. Linatoka vibaya lakini linatoka.

Nakuombea, na nitaendelea kukuombea hata nikiwa nimekununia. Wewe ndiye uliyevua shati lako barabarani watu wakitazama. Mtu yule anaweza kuandika barua moja kwa jarida. Asiyeweza ni huyu wa kuhesabu namba kabla ya chai, na huyo sikumlea mimi.

Jambo la mwisho. Wazungu wako waambie, wakubwa wako wa kazi waambie, daktari wa kliniki nitamwambia mimi. Lakini hapa nyumbani usimwambie mtu. Usimwambie dada Tasiana, usimwambie bibi yako, na zaidi ya wote usimwambie babu yako, hata akikuuliza kwa nini umebadilika uso kwenye sherehe yako mwenyewe. Si kwamba nataka kuficha tena. Nataka kumwambia mimi, kwa mdomo wangu, mezani, wote wakiwepo, na asiwepo mtu wa kudakia. Nipe wiki moja. Najua itakuwasha ulimi, umezoea kunisemea. Safari hii, mwanangu, nyamaza wewe.

Mama yako mdogo,
Anjela